Mkuu, usikate bomba bado: hilo faili ni la hewa

Simamisha oda ya mabomba leo, halafu ndiyo usome. Umesema faili la OpenFOAM, programu ya kuiga mtiririko na joto kwenye kompyuta, umelitoa kwenye somo la kupoza kwa hewa, ukabadilisha msongamano na mnato kuwa vya maji, residuali (makosa yaliyobaki kwenye hesabu ya kompyuta) zikashuka hadi 10⁻⁶, basi unamwita fundi. Mimi nilifanya hivyo hivyo, na niliumia.

Kazi yangu ilikuwa kupasha maji ya kuoshea vyombo kwenye kiwanda kidogo cha maziwa. Bomba la shaba, kipenyo cha ndani milimita 20, maji mita 1 kwa sekunde, nje mvuke wa nyuzi 100. Yaingie na 25, yatoke na 65. Kompyuta ikasema mita 1.5 zinatosha. Rangi zilipendeza, na joto lililotoka kwenye mvuke lililingana na lililoingia kwenye maji. Fundi akachomelea. Siku ya kuwasha nimeshika kipimajoto: 47. Tukafungua mvuke zaidi, 47. Mteja hakusema neno, alinitazama tu.

Kosa lilikaa ukutani. Kompyuta hugawa maji kuwa visanduku vidogo, ndiyo meshi; kile cha kwanza kando ya ukuta kilikuwa kinene, kwa hiyo programu haikutatua lile tabaka jembamba la maji linalogusa shaba. Ililikadiria kwa fomula. Ile niliyonakili, alphatWallFunction, inachukua mnato wa msukosuko (ule unaoletwa na maji kuvurugika) na kuugawa kwa Prandtl ya msukosuko, 0.85, imemaliza. Prandtl ni namba inayolinganisha jinsi mwendo unavyosambaa na jinsi joto linavyosambaa. Prandtl ya maji yenyewe haiigusi. Kwenye hewa, yenye kama 0.7, huoni tatizo. Maji ya nyuzi 40 yana kama 4.3, joto linapenya hapo kwa shida, na fomula inapita kana kwamba njia ni nyeupe. Tumia fomula ya ukutani ya Jayatilleke, inayoihesabu Prandtl ya maji; imo humo humo OpenFOAM.

Na yule mwalimu wa kozi ya kulipia! Wiki nzima anahubiri kwamba residuali zikishuka umemaliza. Residuali zinakuambia tu kwamba milinganyo uliyoiweka imetatuliwa. Hazijui kwamba umeyahesabu maji kama hewa. Pesa yangu alikula, na kina nyie bado mnafundishwa hayo hayo.

Kalamu kwanza, mkuu! Dakika kumi zingeniokoa. Reynolds yangu (Re, namba inayoonyesha maji yanavurugika kiasi gani) ilikuwa kama 30,000. Kisha fomula ya Dittus-Boelter ya bomba, Pr ikiwa Prandtl ya maji: 0.023 × Re^0.8 × Pr^0.4, Nusselt (namba ya jinsi maji yanavyochukua joto ukutani) inatoka kama 159. Zidisha kwa 0.63, upitishaji joto wa maji, gawa kwa 0.02, kipenyo kwa mita: ukuta unayapa maji wati 5,000 hivi kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi. Kompyuta ilikuwa imenipa zaidi ya 10,000! Kwa 5,000, bomba lilitaka mita 3.2.

Weka hapa kipenyo, kasi, joto la kuingia, na Nusselt uliyoipata kwa mkono. Picha za rangi usinitumie kabla ya hiyo namba.