Nasema watoto kwanza, wiki yangu yasema vingine

Swali: Habari za kazi. Nina miaka 34, naishi Chanika, nauza vitenge kwenye duka la mtu Kariakoo, Jumatatu hadi Jumamosi. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, nafika saa moja. Jioni tunafunga saa kumi na mbili, nyumbani nafika saa mbili usiku. Ukiniuliza nini muhimu kwangu, nitakujibu haraka: wanangu wawili, kanisa, na kurudia mtihani wa kidato cha nne. Lakini Jumapili jioni nikipiga hesabu ya wiki, sioni hata kimoja nilichokitendea haki. Wenzangu wananishauri niamke saa nane usiku nisome. Nianzie wapi?
Mama wa Wawili, Dar es Salaam

Jibu: Saa nane usiku, hapana. Tuhesabu kwanza. Wiki ina saa 168. Kila siku ya kazi uko nje ya nyumba saa 15. Mara sita ni saa 90. Ukilala saa nne usiku na kuamka saa kumi, unalala saa sita, yaani 42 kwa wiki. Zinabaki 36: saa tatu kila siku ya kazi na 18 za Jumapili. Mtu mzima anahitaji saa saba za usingizi au zaidi, kwa hiyo tayari mwili unakudai. Ukikata tena saa mbili utasoma ukurasa uleule mara tatu bila kushika kitu, na jioni watoto watapata mama aliyechoka na mkali.

Anza na daftari la mistari. Chukua wiki ya kawaida, isiyo na msiba wala sikukuu. Kila siku ipe ukurasa wake na kila nusu saa mstari wake. Mistari ya saa za kulala iunganishe. Jaza mara tatu: ukila mchana, ukiwa kwenye daladala jioni, na kabla ya kulala. Wengi husubiri usiku wajaze siku nzima kwa mkupuo, na hapo ndipo zoezi linapoharibika, maana kumbukumbu humpendelea mwenyewe. Andika ulichofanya hasa. Badala ya “kazi”, andika “nimesubiri wateja, nimeangalia simu”. Kupumzika usikuandike kuwa ni upotevu. Aliyesimama dukani kutwa anastahili kukaa.

Wakati daftari linajaa, yageuze yale mambo matatu yawe vitendo ambavyo hata jirani angeviona. “Watoto” ni neno zuri lakini haliwezi kuingia kwenye ratiba. “Kukaa nao mkekani dakika 20 nikikagua madaftari ya shule, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa mbili na nusu usiku, simu ikiwa chumbani” linaingia. Kanisa lako pengine ni misa ya kwanza Jumapili, basi. Kitu kisicho na siku, saa na kiasi huliwa na kile kilicho navyo, na duka lina vyote vitatu.

Sasa dakika 20 hizo zitoke wapi? Kwa kawaida mama anayerudi saa mbili hukuta jiko linamsubiri. Hapo ndipo pa kukata. Jumamosi usiku loweka kilo moja ya maharage. Jumapili mwaga maji yale, chemsha kwa maji mapya mpaka yaive, yaache yapoe, kisha gawa kwenye vikopo vinne na uweke friza. Siku ya kazi unakaanga kitunguu na nyanya, unamimina kopo moja, unaweka nazi ukipenda; nusu saa haiishi umeepua. Kama huna friza, chemsha ya siku mbili tu na uyachemshe tena asubuhi na jioni, vinginevyo yatachacha kwa joto la Dar. Moto mmoja wa Jumapili unakurudishia jioni nne.

Masomo yatafute barabarani. Saa mbili kwenda na mbili kurudi, mara sita, ni saa 24: siku nzima ya wiki iko ndani ya daladala. Alfajiri kuna giza, kitabu hakisomeki, na jioni pengine umesimama. Kwa hiyo jisomee kwa sauti Jumapili ukijirekodi kwenye simu, dakika 10 kwa kila mada, halafu sikiliza njiani. Vaa spika ya sikio moja tu na simu iwe ndani ya mkoba. Dukani, kabla mteja wa kwanza hajaingia, andika kwenye karatasi mambo matano unayoyakumbuka. Usiishie kusikiliza, kwa sababu mtihani unataka uandike.

Usianze yote Jumatatu moja. Wiki mbili za kwanza weka watoto peke yao, masomo yafuate. Anayeanza matatu kwa pamoja, moja likishindikana Alhamisi huyaacha yote.

Swali: Mimi ni fundi seremala Mombasa. Napenda kusaidia watu, ila kila Jumamosi nimo kwenye vikao vya harusi. Mama yangu yuko Kwale, sijamwona miezi miwili. Nitakataaje bila kuonekana najitenga?
Fundi, Mombasa

Jibu: Kaka, tenganisha kuhudhuria na kukaa kamati. Harusi ni siku moja, kamati ni Jumamosi nane au kumi. Kuzika na kwenda kutoa pole usivipunguze; watu hukumbuka aliyekuja siku ile. Kamati kubali moja tu kwa wakati, tena ya damu yako.

Kinachozua lawama ni “nitaangalia”, kwa sababu wenzako wanakuhesabu kisha hutokei. Jibu siku hiyohiyo, na utaje utakachofanya: “Ndugu yangu, nimefurahi sana. Vikao sitaviweza, Jumamosi nakwenda kwa mama. Siku ya harusi niachie kupanga viti na kupokea wageni.” Kisha fika kabla ya wageni. Na safari ya Kwale iwekee tarehe sasa, mwambie mama kwa simu. Akishajua unakuja, kuahirisha kutakuwa kugumu kuliko kukataa kikao.

Swali: Simu inanila usiku. Najiambia dakika tano, nashtuka saa sita.
Mwanafunzi, Dodoma

Jibu: Fungua mipangilio ya simu utafute sehemu inayoonyesha umetumia muda gani kwenye kila programu. Nakili ya siku saba. Iliyo juu kabisa iwekee kikomo cha dakika 30, uzime arifa zake, na uiondoe kwenye ukurasa wa kwanza. Kikomo peke yake hakitoshi, kwani mguso mmoja au miwili unakivuka. Chaji simu mbali na kitanda, nje ya chumba ikiwezekana. Wengi hurudi nyuma hapa kwa sababu simu ndiyo saa ya kuwaamsha. Nunua saa ya mezani yenye kengele.