Hitler, Amin, Interahamwe: Majibu Kuhusu Majina Tunayowabandika Wanasiasa

Barua zilizotufikia safari hii zimeangukia jambo moja: je, ni haki kumfananisha mwanasiasa wa leo na Wanazi, na serikali ya Idi Amin, na Interahamwe (wanamgambo wa mauaji ya Rwanda ya 1994) au waasi wa msituni? Msimamo wetu tunauweka mezani mapema. Kufananisha ni halali, na kuna wakati ni wajibu. Lakini kinacholinganishwa ni tendo kwa tendo, pamoja na tarehe yake. Ukilinganisha jina la mtu na jina la mtu, hujapima kitu.

Wanafunzi wangu wa S.4 (kidato cha nne) kila kiongozi mkali wanamwita Hitler. Niwakataze? (Mwalimu wa historia, Mbale)

Usiwakataze, mwalimu. Waulize: Hitler wa mwaka gani?

Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu wanamjua Hitler wa kambi za mauaji na Wayahudi milioni sita, hawamjui Hitler wa miezi sita ya kwanza. Na miezi hiyo ndiyo yenye somo. Katika uchaguzi wa Novemba 1932 chama chake kilipata asilimia 33.1, kikiwa kimeshuka kutoka 37.3 ya Julai mwaka uleule. Katika uchaguzi huru hakuwahi kupata zaidi ya nusu ya kura. Aliteuliwa kuwa Kansela tarehe 30 Januari 1933 na wanasiasa waliodhani watamtumia kisha wamweke kando. Tarehe 27 Februari jengo la Bunge likaungua, na kesho yake amri ya dharura ikasimamisha uhuru wa kusema, wa magazeti na wa kukutana. Kambi ya Dachau ilifunguliwa tarehe 22 Machi. Siku iliyofuata Bunge lilipiga kura 444 kwa 94 kuipa serikali mamlaka ya kutunga sheria bila Bunge. Waliokataa walikuwa wabunge wa chama kimoja tu, Wasoshalisti wa Kidemokrasia. Wabunge wa Kikomunisti hawakuwepo, walikuwa wamekamatwa au wanajificha. Tarehe 2 Mei vyama vya wafanyakazi vikavamiwa, na tarehe 14 Julai Ujerumani ikabaki na chama kimoja kisheria.

Chora ubaoni safu nne: tarehe, tendo, taasisi iliyoguswa, na nani angeweza kuzuia. Darasa lijaze kwanza Ujerumani ya 1933. Kisha lijaze Uganda kuanzia tarehe 25 Januari 1971. Wataona mara moja kwamba njia si ileile. Amin hakupanda kwa kura wala kwa Bunge, alipanda kwa kifaru. Lakini safu ya tatu itaanza kufanana: Septemba 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alinyakuliwa kutoka Mahakama Kuu na hakurudi. Mwisho wajaze mwanasiasa waliyemtaja wao, wa nchi yoyote. Visanduku vitakavyobaki vitupu viachwe vitupu.

Kuna makosa mawili ya kuangalia katika zoezi hili. La kwanza ni kuanzia mwisho, yaani 1942: mwanafunzi anaona hakuna kambi za mauaji, anaandika "havifanani", anafunga daftari. La pili ni kuanzia kelele na ngumi hewani, ambazo karibu kila mwanasiasa anazo, hivyo kila mmoja anakuwa Hitler. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mwanafunzi anatakiwa aweze kutaja wingu lipi, na akubali pia kwamba wingu bado si mvua.

Sisi wa West Nile tumechoka. Kila kiongozi mbaya ni "Amin", kisha watu wanatutazama sisi. Na baba mkwe wangu wa Kampala hataki Kiswahili nyumbani kwake, anasema ni lugha ya Amin. (Mfanyabiashara, Arua)

Malalamiko yako ni ya haki, na yana makaburi nyuma yake. Amin alipoanguka Aprili 1979, kisasi hakikumfuata yeye. Alikufa Saudi Arabia tarehe 16 Agosti 2003. Kisasi kiliwafuata watu wa kwao, West Nile. Maelfu walikimbilia Zaire na Sudan, na tarehe 24 Juni 1981 raia waliojificha katika misheni ya Ombaci, karibu na mji wenu, waliuawa na wanajeshi. Samaki mmoja akioza wote wameoza: methali hiyo ni ya kapu la samaki, haifai kwa binadamu.

Tena ukweli wenyewe unaipinga. Michael Ondoga, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje na kukutwa ameuawa mtoni Nile mwaka 1974, alikuwa Mlugbara, mtu wa West Nile. Anayesema "serikali ya Amin ilikuwa ya West Nile" anawafuta waathiriwa wa West Nile wenyewe, sawa na anavyowafuta Waacholi na Walangi waliouawa katika kambi za jeshi mwaka 1971 yule anayesema Amin aliua Waganda wa kusini peke yao.

Kuhusu Kiswahili, mwambie baba mkwe kwa heshima, na si siku ya kwanza ya ziara. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi tangu King's African Rifles ya Waingereza, kabla Amin hajavaa sare. Ni kweli Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na ni kweli watu wengi walikisikia mara ya kwanza mlangoni usiku, kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Hofu hiyo isidharauliwe. Lakini wanajeshi wa Tanzania waliomng'oa Amin waliingia Kampala wakizungumza Kiswahili hichohicho, na tangu 2005 Katiba yetu inakitambua kuwa lugha rasmi ya pili. Lugha haiwezi kuhukumiwa kwa kinywa kimoja.

Kwa hiyo ukitaka kutumia mfano wa Amin, taja chombo: idara ya upelelezi ya State Research Bureau kule Nakasero, gari lisilo na namba, mtu anayechukuliwa bila hati na jamaa zake wasioambiwa alipo. Mfano huo unapimika na kujibika, na hauna kabila.

Mpigaji simu alisema hewani "hawa ni Interahamwe". Nilinyamaza, sikujua la kufanya. (Mtangazaji wa redio ya FM, Fort Portal)

Swali hili tumelipa nafasi kubwa kwa sababu redio ndiyo iliyotumika. Redio RTLM ya Rwanda ilianza kutangaza Julai 1993. Haikuanza na mauaji. Ilianza na muziki mzuri, utani na watangazaji waliopendwa, kisha neno inyenzi, yaani mende, likazoeleka sikioni. Kuanzia Aprili 1994 ilikuwa inataja majina ya watu na mahali walipo. Katika siku kama 100 watu wanaokadiriwa kufika 800,000 waliuawa, na mto Kagera uliwaleta wengine hadi Ziwa Victoria. Wavuvi na wanavijiji wetu waliwaopoa na kuwazika, na makaburi yapo Kasensero, Lambu na Ggolo. Ndiyo maana neno Interahamwe si tusi la kawaida katika nchi hii. Kuna Waganda waliobeba maiti zile kwa mikono yao.

Desemba 2003 mahakama ya Umoja wa Mataifa kuhusu Rwanda, iliyokuwa Arusha, iliwatia hatiani Nahimana na Barayagwiza wa RTLM pamoja na Ngeze wa gazeti la Kangura. Rufaa ya 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza adhabu, lakini hatia ya kuchochea haikuondoka yote.

Sasa studio. Tofautisha kauli mbili. Ya kwanza: "Chama hiki kina kikosi cha vijana wanaofunzwa kupiga wapinzani, na Interahamwe walianza hivyo, kama tawi la vijana la chama cha MRND." Kauli hiyo ni kali lakini ni madai. Muulize papo hapo: wapi, lini, nani aliwafunza, uliona au ulisikia? Akijibu, umepata habari ya kufuatilia. Asipojibu, wasikilizaji wamejionea. Ya pili: "Watu wa kabila fulani ni Interahamwe." Hiyo kata.

Sisi tunatumia alama tatu za kukata simu bila kusubiri: kundi zima la watu kutajwa kwa kabila au dini, binadamu kuitwa mdudu, nyoka, takataka au ugonjwa, na jina la mtu kutajwa pamoja na anapoishi au anapopita. Alama moja inatosha.

Kabla ya kipindi, fundi mitambo aweke ucheleweshaji wa sekunde chache, na anayepokea simu aandike jina na namba ya mpigaji kabla ya kumuunganisha. Kituo kisicho na mtambo wa kuchelewesha kisipokee simu za moja kwa moja siku za kampeni. Kisome ujumbe ulioandikwa. Ukishakata, sema sababu kwa sentensi moja bila kulirudia neno lenyewe, kisha endelea. Hapa ndipo watangazaji wazuri huharibu: mmoja anacheka kwa woga, na kicheko kinasikika kama kibali, mwingine analirudia neno "ili kufafanua", na wasikilizaji wanalisikia mara ya pili kutoka kwa sauti wanayoiamini. Rekodi ya kipindi ihifadhiwe nzima, usiipunguze, na aliyeshambuliwa apewe nafasi ya kujibu katika kipindi hichohicho, si wiki ijayo.

Wakubwa wanawaita wapinzani magaidi. Hiyo nayo si kufananisha? (Dereva wa bodaboda, Kampala)

Ni kufananisha, na kwa anayeitwa ni hatari zaidi, kwa sababu aliyesema ana polisi na magereza. Mtu wa kawaida akimwita waziri Hitler, waziri analala nyumbani kwake. Lakini chini ya Sheria ya Kupambana na Ugaidi ya 2002, neno gaidi linaweza kuishia kwenye hukumu ya kifo.

Uganda inawajua magaidi kwa matendo yao. Waasi wa ADF waliwaua wanafunzi wapatao 80 katika chuo cha ufundi cha Kichwamba Juni 1998, na tarehe 16 Juni 2023 waliwaua watu 42, wengi wao wanafunzi, katika shule ya Mpondwe Lhubiriha. Al-Shabaab wa Somalia waliwaua zaidi ya watu 70 Kampala tarehe 11 Julai 2010, katika sehemu ambako watu walikuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Ukitaka kumweka mwanasiasa katika safu hiyo, onyesha silaha, amri na raia waliolengwa. Chama kilichosajiliwa na Tume ya Uchaguzi, kinachosimamisha wagombea na kwenda mahakamani kinaposhindwa, hakimo. Kuchoma matairi barabarani ni kosa lenye kifungu chake. Anayeyachoma ashtakiwe kwa kosa hilo.

Mfano wa nje unaonyesha mwisho wa mchezo huu. Tarehe 24 Februari 2022 Putin alisema anaingia Ukraine kuondoa Unazi, katika nchi ambayo rais wake, Zelensky, ni Myahudi. Jina lilitangulia, vifaru vikafuata.

Na mkuki kwa nguruwe usiwe kwa binadamu mchungu: mpinzani anayemwita kila askari wa trafiki Mnazi anafanya kosa lilelile, ingawa hana gereza.

Je, Trump ni fashisti? Hapa hosteli tunabishana hadi usiku. (Mwanafunzi, Gulu)

Wataalamu pia wanabishana, ila jinsi wanavyobishana ndiyo ya kuiga. Robert Paxton, mwanahistoria Mmarekani aliyeutafiti ufashisti kwa miongo mingi, alikuwa akilikataa neno hilo kwa Trump. Baada ya umati kuvamia Bunge la Marekani tarehe 6 Januari 2021 alibadili msimamo na kulitumia hadharani. Kilichombadili ni tendo lenye tarehe: umati ulitumia nguvu kuzuia matokeo ya uchaguzi yasithibitishwe. Wanaompinga nao wana hoja: vyama vingine vilibaki, mahakama zilimkatalia madai yake, na Januari ileile alitoka madarakani.

Upande wa maneno, Novemba 2023 Trump aliwaita wapinzani wake kwa neno la Kiingereza linalotumika kwa panya na wadudu waharibifu. Hapo kulinganisha na lugha ya miaka ya 1930 ni sawa kabisa, kwa neno hilo. Hakuthibitishi mengine. Naye pia amewaita wapinzani wake mafashisti, kwa hiyo kipimo kitumike pande zote. Angalieni vilevile lebo zinavyobanduka: mwaka 2016 J. D. Vance, katika ujumbe wa faragha uliokuja kujulikana, alijiuliza kama Trump ni Hitler wa Marekani. Januari 2025 akaapishwa kuwa makamu wake.

Mtasikia kuna "kanuni ya Godwin" inayosema anayemtaja Hitler ameshindwa mjadala. Si hivyo. Mwanasheria Mike Godwin alisema mwaka 1990 kwamba mabishano ya mtandaoni yakirefuka, uwezekano wa kutajwa Hitler au Wanazi unakaribia uhakika. Alitaka watu wafikiri kabla ya kumtaja, hakupiga marufuku.

Naweza kufungwa kwa kumfananisha kiongozi na dikteta? (Msomaji, Jinja)

Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, kilichohusu mawasiliano ya kuudhi, na mwaka 2010 ilikuwa imefuta kosa la uchochezi dhidi ya serikali. Lakini marekebisho ya 2022 yaliongeza makosa ya mtandaoni, na kosa la kuchochea ubaguzi wa kabila au dini katika Sheria ya Adhabu lina kifungo cha hadi miaka mitano. Andika tendo, usiandike kabila. Kabla ya kuchapisha jambo zito, mwonyeshe wakili.

Mgombea wetu alimwita mwenzake "Kony" jukwaani. Nyumbani kwetu kuna ndugu aliyerudi kutoka msituni. Hakula siku hiyo. (Msomaji, Lira)

Pole sana, wewe na ndugu yako. Hakuna mgombea anayefanana na LRA, waasi wa Joseph Kony, kwa sababu ya porojo au rushwa. LRA waliteka maelfu ya watoto na kuwalazimisha kuua. Dominic Ongwen, kamanda wao aliyehukumiwa miaka 25 na mahakama ya kimataifa mjini The Hague mwaka 2021, naye alitekwa mtoto akienda shule. Wanaoumizwa na neno hilo ni waliotekwa, si mpinzani.

Mwandikieni mgombea barua fupi mkiwa kaya tatu au nne, bila kumtaja ndugu yenu. Andikeni siku ya mkutano, mahali na maneno yake kama mlivyoyasikia. Mwombeni arudi jukwaa lilelile na kueleza bila jina hilo mwenzake alifanya nini, wapi na lini. Nakala moja mpeni mkuu wa dini anayeheshimiwa na pande zote mbili, nyingine ibaki kwenu.