Re: Makaa ya mawe kwenye jiko la mkaa

Ndugu, umeuliza kama makaa ya mawe ghafi, yale ya kutoka mgodini, yanafaa kwenye jiko la mkaa la nyumbani. Usiyatie kabisa. Moshi wake mzito una salfa, unawasha macho na kifua. Yanayofaa ni yaliyochakatwa kupunguza moshi, kama Rafiki Briquettes ya STAMICO, shirika la madini la serikali ya Tanzania. Hayo hushika moto polepole, kwa hiyo anza na mkaa wa kawaida chini, uyapange juu yakiachiana nafasi, na uondoe jivu mara kwa mara hewa ipite. Washia nje. Hata moshi ukiisha, tafadhali sana, msilale na jiko ndani: gesi ya kaboni monoksidi haionekani wala hainuki, nayo inaua watu usingizini.