Nyumbani Haishi Maneno, Shuleni Hafungui Mdomo

SWALI: Mshauri, pole na kazi. Nina binti wa miaka saba, anasoma darasa la pili hapa Mwanga, Kigoma. Nyumbani haishi maneno. Huwaigiza wauza dagaa wa Kibirizi mpaka baba yake akatokwa machozi kwa kucheka. Lakini tangu aanze darasa la kwanza hajamjibu mwalimu hata neno moja. Wiki iliyopita alijikojolea darasani kwa kushindwa kuomba ruhusa, na sasa kila asubuhi analalamika tumbo. Shangazi yake anasema ni kiburi, achapwe. Wageni wakija, hata shikamoo haitoki, nami humjibia ili kuepuka aibu. Nifanyeje?
Mama wa watoto watatu

JIBU: Mama, pole sana. Nianze na la shangazi, kwa heshima zote: mtoto mwenye kiburi akibanwa na mkojo huomba ruhusa. Huyu wako alikuwa radhi kuaibika mbele ya wenzake kuliko kusikika, na hiyo ni hofu. Siwezi kumpima kwa barua, lakini unayoyaeleza yanafanana na hali ambayo mtoto huongea vizuri mahali alipozoea na sauti ikamkwama kwingine, kwa zaidi ya mwezi, bila kuhesabu ule mwezi wa kwanza wa shule ambapo watoto wengi hunyamaza. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza kutumika mwaka 2022, unaiweka hali hii miongoni mwa matatizo ya wasiwasi na hofu. Fimbo itaiongeza tu.

Mkoani kwetu lipo jambo jingine la kuangalia, kwa kuwa mtoto aliyelelewa kwa Kiha anaweza kukaa kimya kwa muda akiwa bado anajifunza Kiswahili. Wa kwako, kama anawaigiza wachuuzi kwa Kiswahili, kikwazo chake si lugha.

Sasa nikuguse wewe kidogo. Kila unapomjibia, moyo wake hutulia papo hapo, naye hujifunza kwamba usalama umo katika kunyamaza. Mgeni akimuuliza jambo, hesabu kimoyomoyo mpaka tano kabla hujaingilia, kisha umrahisishie swali: "Unataka chai au uji?" Akinong'ona, pokea, akionyesha kwa kidole, pokea pia kwa sasa.

Sauti yake ihamishwe polepole kutoka nyumbani hadi darasani, akiwa na mtu anayemwamini. Mwombe mwalimu akuruhusu kuingia darasani na binti yako saa za jioni, watoto wakishaondoka, mcheze kete na kuongea kama mlivyozoea, mwalimu akiwa mbali anasahihisha madaftari yake bila kuwatazama. Siku nyingine asogee dawati moja, na baadaye aingie mchezoni bila kumuuliza chochote. Binti akishazoea kuongea mbele yake, ndipo aulizwe swali dogo, kisha aongezwe rafiki mmoja. Huenda hatua moja ikachukua wiki nzima, na akirudi nyuma mrudi naye. Mtaani pia mtume dukani, mwanzoni mkiwa pamoja, aseme neno moja tu: "Chumvi."

Suala la choo halingoji. Kubaliana na mwalimu leo hii kwamba binti akiweka kalamu nyekundu juu ya dawati, ameomba ruhusa.

Mpeleke pia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, wampime masikio na kuchunguza hilo tumbo, na uwaulize kuhusu huduma ya afya ya akili kwa watoto, hasa kama miezi michache ikipita bila mabadiliko.

Jambo la mwisho mwambie mwalimu mapema, maana walimu wenye moyo mwema ndio hukosea hapa: siku binti atakapotoa neno lake la kwanza, darasa lisiambiwe kumpigia makofi. Mwalimu ajibu alichoulizwa, aendelee na somo.