Kabla hujaandika tena pip install

Wadogo zangu, wiki hii nimetumiwa picha nyingine ya skrini. Imepigwa kwa simu, imeinama, na kinachosomeka ni mstari mmoja tu: `Worker failed to boot`. Chini yake: "Kaka naomba msaada, nimejaribu kila kitu." Nikimuuliza hicho kila kitu ni nini, ni `pip install` ileile, amri ya kusakinisha pakeji za Python, mara na sudo (mamlaka ya msimamizi), mara bila sudo.

Basi naandika mara moja: nini cha kufanya programu yako ya Python ikigoma kuwaka kwenye seva kwa kuwa haioni moduli inayoihitaji. Mwingine akinitafuta nitamtumia hii niendelee na chai yangu.

1. Mstari huo wa Gunicorn, programu inayoendesha tovuti yako ya Python kwenye seva, ni tangazo la msiba. Chanzo cha kifo kiko juu. Andika `journalctl -u mradi -n 100` usome kumbukumbu za seva (badala ya `mradi` weka jina la huduma yako), panda taratibu mpaka ukutane na `ModuleNotFoundError`, kisha soma jina lililo kwenye alama za kunukuu. Hilo jina ndilo lenye kesi. Likiwa la wengine, kama flask au requests, kagua mazingira unayotumia. Likiwa la folda uliyoiunda wewe kwa mikono yako, pip haihusiki kabisa. Hapo ndipo wengi wenu mnakwama: mnaibembeleza pip iwaletee kitu ambacho hakijawahi kuwepo PyPI, ghala ambako pip huchukua pakeji.

2. Uliza ni Python ipi. Umeingia kwenye seva kwa SSH, umewasha venv (mazingira ya Python ya mradi mmoja peke yake), umepima `python -c "import flask"`, imekubali, sasa unaapa kwamba pakeji ipo. Ipo kweli, ila kwako. Systemd, inayowasha programu yako kwenye seva, haijui habari za `source venv/bin/activate` uliyoandika kwenye terminali yako. Inafuata kilichoandikwa kwenye mstari wa ExecStart wa faili la huduma yako, basi. Weka njia nzima, `/home/mtumiaji/mradi/venv/bin/gunicorn`. Kusakinisha tumia `venv/bin/python -m pip install`, ujue inaingia wapi. Na ukiletewa `externally-managed-environment` kwenye Debian 12, yaani pip imekataa kugusa Python ya mfumo, usikimbilie `--break-system-packages`. Soma hilo jina polepole, limeshakueleza litafanya nini.

3. Django hukupa folda mbili za jina moja, moja ndani ya nyingine. WorkingDirectory, mstari wa faili la huduma unaotaja folda ya kuanzia, iwe ile yenye `manage.py`.

4. Tazama kama faili lipo.

Najua mnacheka. Mimi nilikuwa na mfumo wa ada wa shule, na msimbo wote wa malipo nilikuwa nimeuweka kwenye folda niliyoiita `lib`. Miezi yote nilikuwa nahamisha mafaili kwa FileZilla, naburuta na kuachia, maisha yanaenda. Siku nikaamua kuwa mstaarabu: seva mpya, `git clone` kuvuta mradi kutoka Git, kila kitu kwa utaratibu. Ilikuwa Ijumaa jioni, maana ustaarabu wenyewe ulikuwa haujakamilika. `No module named 'lib'`.

Kwenye laptopu inafanya kazi. Nikafuta venv nikaunda nyingine. Nikaongeza `sys.path.insert` kwenye `wsgi.py`, nikaona haitoshi, nikaongeza ya pili. Nikaandika `__init__.py`, faili la kuifanya folda iwe pakeji ya Python, kila mahali hadi kwenye folda ya picha. Mhasibu wa shule anapiga simu, nampa jibu la "nusu saa tu, dada" kwa sauti ya mtu anayejua anachofanya. Kisha nikajishawishi kwamba shida ni toleo la Python. Nikasakinisha jipya, na kwa `update-alternatives` nikaifanya ndiyo `python3` ya seva nzima.

Ubuntu inategemea Python yake kwa mambo yake ya ndani. Nilipoandika `add-apt-repository`, ikanijibu: `No module named 'apt_pkg'`. Yaani sasa seva yenyewe ilikuwa inalia kilio kilekile cha programu yangu. Nilikaa nikiutazama ule mstari kama mtu aliyetukanwa na mtoto.

Aliyeniokoa ni dada mmoja wa ubunifu ambaye hata Python haandiki. Alikuwa amesimama nyuma yangu anasubiri tufunge ofisi. Nikapiga `ls` bila sababu, akauliza, "Mbona kwenye laptopu yako folda ni nyingi kuliko hapo?" Kwenye seva, `lib` haikuwepo. Haikuwahi kufika. Nikarudi kwenye laptopu, nikaandika `git check-ignore -v lib/malipo.py` kuuliza ni sheria gani inayolificha faili, nikajibiwa:

`.gitignore:17:lib/    lib/malipo.py`

Ile `.gitignore` ya Python (orodha ya vitu ambavyo Git iviache) niliyoichukua GitHub siku ya kwanza bila kuifungua ina mstari unaosema `lib/`, kwa ajili ya mabaki ya kujenga pakeji. Git ilikuwa inaitii. Kila `git status` ilikuwa safi, na mimi nikadhani usafi huo ni sifa. Nikabadilisha jina la folda na import zake, nikaisukuma, programu ikaamka. Kuirudisha Python ya Ubuntu mahali pake ndiko kulikonilaza ofisini.

Kwa hiyo `ls` kwanza. Halafu `git ls-files`, uone Git inabeba mafaili gani. Maombi baadaye.

5. Jina la kusakinisha si lazima liwe jina la kuita kwenye msimbo: Pillow huitwa `PIL`, PyYAML ni `yaml`, beautifulsoup4 ni `bs4`, opencv-python ni `cv2`.

6. Windows haijali `Models.py` na `models.py`, Linux inajali sana. Ukibadilisha herufi, tumia `git mv`, maana Git ya Windows inaweza isione kwamba umebadilisha chochote.

7. Usiite faili lako `email.py` wala `random.py`. Kuna kijana aliita lake `flask.py`, akaniuliza kwa nini Flask haina `Flask`. Nilimpenda, lakini nilikata simu.

8. Ukiona `partially initialized module`, hakuna kilichopotea. Mara nyingi mafaili yako mawili yanaitana, kila moja linamsubiri mwenzake amalize. Hamisha kinachohitajika na wote wawili kwenye faili la tatu.

9. Mradi wa zamani juu ya Python 3.12 utalilia `distutils`, ambayo imeondolewa, au `pkg_resources`, kwa kuwa venv mpya haiji tena na setuptools. Sasisha pakeji inayolalamika. Ukiwa na haraka, rudi 3.11 ndani ya venv, narudia, ndani ya venv.

10. Venv haihamishwi. Njia kamili za mashine yako zimeandikwa ndani ya mafaili yake, kwa hiyo kuizipu na kuipandisha seva ni kupoteza bando tu. Pandisha `requirements.txt`, orodha ya pakeji za mradi, unda venv hukohuko.

Na ukibadilisha chochote, `systemctl restart` na jina la huduma; ukigusa faili la huduma lenyewe, tanguliza `systemctl daemon-reload`. Wawili mwezi huu walikuwa wameshatengeneza, hawakuiwasha upya.