Maswali ya Wasomaji: Nafasi Zilizoachwa Wazi Kwenye Bodi Kuukuu

SWALI: Mafundi, habari za kazi. Nina bodi ya kompyuta ya zamani yenye poti mbili za USB, na pembeni yake imechorwa nafasi ya poti ya tatu lakini haina kitu. Nimetafuta soketi na kuichomelea. Volti 5 zinafika, ila flashi haionekani kabisa. Je, soketi ni mbovu?

JIBU: Soketi huenda ni nzima. Kiwanda huchora bodi moja itumike kwenye matoleo kadhaa, halafu toleo la bei nafuu linanyimwa vipuri. Kinachoondolewa mara nyingi si soketi peke yake, bali pia vipuri vidogo vilivyo kati ya soketi na chipu. Fuata njia za shaba zinazotoka kwenye pini mbili za katikati, ambazo ndizo za data. Kabla hazijafika kwenye chipu utakuta pedi (vipande vya shaba vya kuchomelea vipuri) mbili mbili zimetazamana bila kitu juu yake. Hapo ndipo njia ilipokatika, kwa hiyo umeme unapita lakini data haipiti.

Kabla ya kuchomelea kingine chochote, hakikisha chipu yenyewe ina mkono unaofika huko. Zima bodi, chomoa umeme, kisha weka multimita kwenye kipimo cha dayodi. Waya mwekundu uguse graundi (upande hasi wa bodi), mweusi uguse pedi ya data iliyo upande wa chipu. Ukisoma kitu kama volti 0.4 hadi 0.7, chipu ipo mwisho wa njia. Linganisha na poti inayofanya kazi: namba zinapaswa kukaribiana sana. Multimita ikionyesha njia iko wazi, usijisumbue zaidi, maana ama njia imekatika mahali pengine au chipu ya toleo lako haina poti hiyo.

Namba zikikubali, nakili poti ya jirani. Kwenye bodi nyingi za zamani, rezista zinazokaa kwenye njia ya data ni za omu 22 hadi 33, moja kwa kila waya. Chipu nyingine zina rezista hizo ndani, na hapo nje huwekwa rezista ya omu 0, yaani daraja tu. Bodi nyingine huhitaji pia rezista ya kilo-omu 15 kutoka kila waya wa data kwenda graundi. Usikisie. Rezista ya jirani yenye maandishi 220 ni omu 22, 330 ni omu 33, 153 ni kilo-omu 15. Zile ndogo kabisa hazina maandishi, hivyo zipime, lakini kumbuka kwamba kipuri kikiwa bado kwenye bodi kinaweza kusomeka chini ya thamani yake, kwa sababu mkondo wa multimita unapata njia nyingine za kupita. Kwa kapasita ndogo hali ni mbaya zaidi: lazima uing'oe ya jirani, uipime, uirudishe.

Upande wa umeme, usiridhike na volti 5 unazoziona bila mzigo. Panatakiwa fyuzi inayojirudisha yenyewe, ya angalau miliampia 500, na kapasita ya mikrofaradi 100 hadi 220 ya volti 10 au zaidi karibu na soketi. Kuna wanaoruka fyuzi kwa kipande cha waya. Poti itafanya kazi, lakini siku kebo mbovu ikigusisha pini, kitakachoungua ni njia ya shaba yenyewe.

Kuna mtego mmoja ambao huwapoteza hata mafundi wazoefu. Bodi nyingi zina waya wa kuiambia chipu kwamba poti imezidiwa na mkondo, na kwa kawaida waya huo ukishuka karibu na volti 0 chipu inaifunga poti. Pale kiwanda kilipoacha vipuri, waya huu unaweza kuwa unaning'inia au umefungwa graundi makusudi. Tafuta nafasi ya rezista ya kilo-omu 10 inayoupandisha hadi volti 3.3. Na kama kila kitu kiko sawa bado poti iko kimya, ingia kwenye mipangilio ya BIOS (programu ya msingi inayoiwasha kompyuta) uone kama imezimwa humo.

Flashi ikiwaka taa lakini kompyuta ikalalamika kwamba haiitambui, waya za data zimepishana au kiungo kimoja cha solda hakijashika.

SWALI: Matundu ya soketi ninayotaka kuongeza yamejaa solda ya kiwandani. Matundu mengine nimeyafungua kwa pampu, lakini solda ya mawili haiyeyuki hata nikikandamiza pasi ya kuchomelea. Nitoboe kwa drili ndogo?

JIBU: Hapana, tafadhali. Ukuta wa tundu umepakwa shaba, na shaba hiyo ndiyo inayounganisha matabaka ya ndani ya bodi. Drili ikiikwangua, unapoteza kiunganishi usichoweza kukiona.

Matundu yanayogoma karibu kila mara ni ya graundi. Yameungwa na bapa kubwa la shaba ndani ya bodi, na bapa hilo linanyonya joto haraka kuliko pasi inavyolitoa. Kukandamiza hakuongezi joto, kunang'oa pedi tu. Badilisha ncha nyembamba uweke ncha pana iliyo bapa, weka pasi kwenye nyuzi 350 hadi 380, paka flaksi (dawa ya kusafisha na kulainisha solda), kisha ongeza solda mpya yenye risasi juu ya ile ya zamani. Ndiyo, uongeze kwanza ndipo utoe. Solda isiyo na risasi huyeyuka karibu na nyuzi 217 au zaidi; ile ya 63/37 (bati 63, risasi 37 kwa mia) huyeyuka kwa 183, na zikichanganyika mchanganyiko unalegea mapema. Pasi ikae upande mmoja, pampu ifyonze upande wa pili. Bado inagoma? Pasha bodi nzima taratibu kwa hewa ya moto hadi nyuzi 100 hivi, kisha urudie. Sekunde chache kwa kila jaribio zinatosha. Iache ipoe kabla ya kurudia.

SWALI: Bodi ya ruta yangu ina matundu manne yaliyopangwa mstari mmoja, hayana jina. Nadhani ni poti ya siriali. Naweza kuunganisha moja kwa moja kwenye poti ya pini 9 ya kompyuta?

JIBU: Usithubutu. Poti ile ya pini 9 hutoa volti zinazopanda juu na kushuka chini ya sifuri, hadi karibu 12 kila upande, wakati chipu ya ruta kwa kawaida inataka 3.3. Tumia adapta ya USB kwenda siriali ya volti 3.3.

Weka multimita kwenye kipimo cha mlio: tundu linalolia na graundi ya bodi ni graundi. Kwenye kipimo cha volti, linalokaa kwenye 3.3 bila kutikisika kwa kawaida ni umeme, liache bila kuunganishwa. Linalotikisika ruta inapowaka ndilo linalotuma. Lipeleke kwenye pini ya kupokea ya adapta. Lililobaki ni la kupokea. Anza na kasi ya 115200 (biti kwa sekunde). Herufi zikitoka ovyo, kasi ndiyo si sahihi. Ukisoma maandishi lakini ruta haisikii unachoandika, chunguza njia ya kupokea: mara nyingi hapo pana pedi tupu ya rezista ya omu 0.

SWALI: Duara la kapasita kwenye bodi limepakwa rangi nusu. Nusu hiyo ni hasi au chanya?

JIBU: Mara nyingi ni hasi, lakini wapo watengenezaji waliofanya kinyume, kwa hiyo multimita iamue: kwenye njia za umeme chanya, pini inayolia na graundi ndiyo hasi. Angalia pia aina ya kapasita unayoweka. Ile ya kopo ina mstari upande wa hasi, ilhali ile ya tantalamu ya kubandika juu ya bodi ina mstari upande wa chanya. Tantalamu ikigeuzwa haivimbi polepole kama ya kopo. Inaweza kushika moto.