Taa za dari zibaki darini

Kila wanapokuja vijana wapya wa mafunzo ya vitendo hapa Kampala, yale yale: plani ya umeme kwenye Revit, programu ya kuchorea modeli ya jengo, haionyeshi taa hata moja, na mtu ameshaanza kuzihamisha. Wadogo zangu, tuelewane.

1. Taa haijapotea. Plani ya sakafu kwenye Revit, usipoigusa, hukata jengo milimita 1200 kutoka chini na kutazama chini. Taa ya dari ya mita 2.7 iko juu ya mkato, utaionaje? Fungua plani ya dari: hiyo hukata 2300 na kutazama juu, na kushoto hubaki kushoto, kana kwamba sakafu ni kioo cha kujitazamia na unaiona dari ndani yake.

2. Usishushe taa ili ionekane. Hili linaniuma. Kijana mmoja mwenye bidii sana alishusha taa za ghorofa nzima hadi milimita 1000, plani ikapendeza, akaituma. Tulipokata seksheni, yaani mchoro wa jengo lililopasuliwa wima, tukaona safu ya taa za duara inaelea usawa wa meza, moja imeziba mlango wa choo. Hiyo ingekuwa rahisi kurekebisha. Lakini mtu wa viyoyozi alikuwa ameshaiunganisha modeli ile na yake, akaona juu ya dari kweupe, akapitisha dakti zake, yaani njia za hewa, hapo. Taa ziliporudishwa mahali pake zikaingia ndani ya dakti, na kazi ya watu wawili ikaanza upya. Kijana alikuwa karibu kulia, na hakuna aliyekuwa amemfundisha.

Wengine huchora duara na mistari mitupu badala ya taa. Orodha ya vifaa haihesabu mistari! Mkadiriaji akiitegemea, taa hazimo kwenye bei, na kontrakta atadai nyongeza.

3. Usipandishe mkato wa plani ya sakafu hadi 2700. Milango na madirisha yatatoweka, kuta zibaki nzima. Ikiwa ni sehemu moja tu yenye kimo tofauti, izungushie eneo la plani (plan region) lenye mkato wake.

4. Dakti hazionekani kwenye plani ya dari? Dari imezifunika, izime kwenye mwonekano huo pekee.

5. Mipaka ya mwonekano (kimo cha mkato na umbali wa kutazama) ikikataa kubadilika, templeti, yaani mipangilio ya pamoja ya mionekano, ndiyo imeifunga. Muulize mwenye templeti kabla ya kuiondoa, maana shiti nyingine zinaitegemea. Na kabla ya kutuma chochote, kata seksheni moja katikati ya chumba chenye taa nyingi, uitazame.